Mashine ya Ukumbini na Mgao wa Akina Mama

Nyumba yetu ya Nyakasanza, hapa Bunia, ina mashine mbili, na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza ni kompyuta ya mezani iliyolazwa ubavu juu ya kabati la ukumbini, nyuma ya mlango, mahali ambapo mvua haifiki na watoto hawapiti mbio. Haina skrini. Inapata umeme wa sola kupitia betri na inverta, na ina kazi mbili: jioni inawagawia watoto wa jirani Wikipedia isiyohitaji intaneti, ya Kifaransa na ya Kiswahili, na kila Jumapili inapokea hesabu za AVEC ya mke wangu. Ya pili ni laptopu ya binti yetu mkubwa, iliyotoka Kampala mkono wa pili, nyembamba, nzuri, yenye kioo safi na betri iliyochoka.

AVEC ni kikundi cha kuweka na kukopa, ndugu wa VICOBA vya Tanzania na vyama vya Kenya. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa mitaa tofauti. Anayenunua hisa anagongewa muhuri kwenye kijitabu chake, na vijitabu vinalala ndani ya sanduku. Hisa, basi, ziko kwenye karatasi. Lakini mikopo, riba, faini za kuchelewa na mfuko wa msaada, kwa uamuzi wa kikundi chenyewe, vinaandikwa kwenye programu ndogo ambayo kifungua mimba wetu, aliyeko Kisangani sasa, aliitengeneza kwa lugha ya Python. Mke wangu ndiye mwandishi wa kikundi. Wanachama ni wauza samaki wa Tchomia, wauza nyanya, mafundi cherehani, na wengine waliokimbia Djugu bila hata sufuria. Mwisho wa mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa, sanduku linafunguliwa mbele ya wote na kila mmoja anapewa haki yake. Siku hiyo ni mgao, na nyumbani kwetu hakuna sikukuu inayoizidi uzito.

Kwa sababu hiyo mashine ya ukumbini niliichagulia mfumo kwa kipimo kimoja: isibadilike mpaka sisi tutake ibadilike. Niliiwekea Debian 12, mmojawapo wa mifumo ya Linux, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023. Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na desturi yake inajulikana: toleo likishatoka, programu zilizomo hazipandishwi daraja. Matundu ya usalama yanazibwa, makosa makubwa yanarekebishwa, lakini Python iliyoingia ikiwa 3.11 inabaki 3.11 hadi mwisho. Na mwisho wenyewe umetangazwa mapema: miaka mitatu ya matunzo kamili, kisha miwili zaidi ya matunzo ya muda mrefu, hadi Juni 2028. Anayetunza hesabu za watu wengine aijue tarehe hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Mwezi wa sita akaja mpwa wa mke wangu. Anasomea kompyuta Kampala, na alikuja kwa njia ya Goli na Mahagi, vumbi hadi kwenye nyusi, mfuko wa kompyuta ameukumbatia kifuani safari nzima. Ni kijana mwenye akili na mikono mizuri. Akiona kitu kimelegea, hawezi kulala mpaka akikaze.

Kitu cha kwanza alichokiona kimelegea ni waifai ya binti yetu. Laptopu ile ina kadi ya waifai ya miaka ya karibuni, na kiini cha mfumo aliokuwa nao, yaani ile programu ya katikati inayosema na vifaa, kilitengenezwa kabla kadi hiyo haijaingia sokoni. Mawasiliano yalikatika kila baada ya muda mfupi. Binti alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho wa masomo, juu ya maji ya visima, na kila rejea aliyotaka kuisoma ilimkatikia katikati ya ukurasa. Hapo kijana alikuwa na haki kabisa. Seva inaweza kukaa na vifaa vile vile miaka kumi na isidai kitu. Laptopu inakuja na kadi mpya, skrini mpya, namna mpya ya kulala na kuamka, na mfumo ulioganda miaka miwili nyuma unaweza usizijue. Akamwekea distro, yaani mfumo wa Linux, ya mwendo usiokatika, mojawapo ya zile zisizo na toleo wala mwaka, ambamo kila pakiti mpya ya programu inaingia mara inapotoka mikononi mwa walioitengeneza. Waifai ikashika. Nyumba nzima ikafurahi, na mimi nikiwemo.

Jioni tulikuwa barazani, tunakula ugali wa muhogo na sombe, akaanza kuiulizia mashine ya ukumbini.

"Tonton, ile seva iko na vitu vya zamani sana. Kiini chake ni 6.1. Dunia imeshafika mbali."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya. Lakini vitu vya zamani viko na matundu."

Hoja hiyo si ya kupuuza, watu wengi wenye akili wanaishika. Nilimjibu kwa kisa cha xz. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund, mtu wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Kilichomshtua ni kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Aliyeupachika mlango huo alikuwa amejijengea jina la mtunzaji mwema kwa muda mrefu, mpaka akakabidhiwa kazi. Matoleo yenye sumu yalikuwa mawili, 5.6.0 na 5.6.1. Yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya Debian ya majaribio, kwenye openSUSE Tumbleweed na kwenye Fedora iliyokuwa bado inaandaliwa. Debian 12 ilikuwa na 5.4.1. Waliokuwa mbele walipigwa, mashine yetu haikuguswa, na haikuguswa kwa sababu ilikuwa haina haraka.

"Na ile ya mwezi wa kumi na mbili 2023, tonton?" akaniuliza.

Kijana anafuatilia mambo. Desemba 2023 Debian, kwenye tawi lake lile lile la kutulia, ilikuwa inatoa marekebisho ya 12.3 ilipogundulika kwamba kiini kilichokuwemo, 6.1.64, kina kosa linaloweza kuharibu data kwenye diski za ext4. Diski ya ukumbini ni ext4. Sikumbishia, maana ni kweli. Nilimwomba tu atazame kilichofuata: toleo lilisimamishwa, watu wakaambiwa waziwazi wasisasishe, na tarehe 10 Desemba ikatoka 12.4 yenye kiini kilichorekebishwa. Mfumo usio na kosa sijauona. Ninapoupima mfumo nataka kujua kosa likitokea nani atasema, atasema upesi kiasi gani, na mimi nitakuwa na pa kurudi wakati wanalirekebisha?

Tuliongea pia juu ya ahadi. CentOS 8 ilikuwa imeahidiwa matunzo hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 Red Hat ikatangaza kwamba itakoma mwisho wa 2021, na waliojenga juu yake wakabaki na mwaka mmoja wa kuhama. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kutokana na hilo. Tarehe iliyoandikwa haitoshi, mtu aangalie pia ahadi iko mikononi mwa nani. Debian haina kampuni inayoimiliki. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina kampuni nyuma yake, na matoleo yake ya muda mrefu, yale ya Aprili kila baada ya miaka miwili, yanapewa miaka mitano bila malipo. Matoleo yake ya katikati yanapewa miezi tisa tu. Fedora inapewa kama miezi kumi na mitatu. Kwa mtu wa kutengeneza programu miezi hiyo ni mingi, kwa sanduku la akina mama haifiki hata migao miwili.

Mke wangu alikuwa amenyamaza muda wote, anamenya karanga. Akauliza swali moja.

"Sasisho moja linakula mega ngapi?"

Tukatazama. Laptopu ya binti ilikuwa inataka mamia ya mega kila wiki, na wiki nyingine inapita giga. Mashine ya ukumbini, wiki nyingi, haikutaka kitu, na wiki nyingine ilitaka mega chache za kuziba tundu moja au mawili. Kipimo hiki wanaoandika juu ya mifumo wakiwa kwenye miji ya nyuzi za kioo hawakihitaji. Hapa Bunia, ambako mega zinanunuliwa kama mafuta ya taa, kidogo kidogo na kwa kuhesabu, kinaamua mambo. Distro ya mwendo usiokatika inadai isasishwe mara kwa mara. Ukiiacha miezi mitatu kwa kukosa mega, siku ukirudi inaweza hata kukataa pakiti mpya kwa sababu funguo za kuhakikisha saini zimeshazeeka ndani ya mashine yako. Ile iliyotulia inakusubiri.

Kijana akakubali kuiacha mashine ya ukumbini na mfumo wake. Aliona tu jambo dogo la kunyoosha, na hilo nililijua baadaye. Kwenye faili linaloiambia Debian ichukue pakiti zake wapi, nilikuwa nimeandika jina la toleo, bookworm. Majina ya Debian yanatoka kwenye filamu za Toy Story, watoto wetu wanayajua yote: Bookworm ni yule mnyoo wa miwani, Trixie ni dinosaria wa buluu, na Sid, mtoto anayevunja vidude, amepewa tawi lisilotulia kamwe. Kijana akafuta bookworm akaandika stable, jina la tawi lenyewe, ili siku za mbele mtu asihangaike kulibadilisha. Siku hiyo hakuna kilichotokea, kwa sababu majina yote mawili yalielekeza mahali pamoja. Wiki zikapita. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anasasisha: pakiti mbili tatu, anafunga, anakwenda kucheza mpira.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane nikaitwa Aru kwenye msiba wa upande wa baba. Tarehe 9 Agosti 2025, siku ya Jumamosi, Debian 13 ikatoka. Tangu saa hiyo stable ikaacha kuwa bookworm ikawa trixie. Kesho yake, Jumapili, kijana akaandika amri zake za kawaida. Mashine ikamwuliza kama anakubali kwamba chanzo kimebadilisha jina. Akakubali. Ikamletea orodha ndefu isiyoisha kwenye skrini ya kompyuta yake, zaidi ya giga moja ya kushusha. Akafurahi, akadhani zawadi imefika, akazitumia mega zote za nyumba.

Naye alifanya kazi safi. Sola ilishika, betri zilishika, hakuna kilichokatika njiani. Mashine ikazimika, ikawaka. Wikipedia ikafunguka, watoto wakasoma. Debian 13 yenyewe ni kazi nzuri: kiini 6.12, PostgreSQL 17, Python 3.13. Saa tisa mchana mke wangu akarudi kutoka kwenye kikao cha AVEC, akafungua programu ya hesabu kwenye simu yake aingize marejesho ya mikopo ya wiki, na programu haikufunguka.

Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe pamoja na wazee simu ilipolia. Binti ndiye aliyepiga, mama yake anasikika nyuma yake.

"Papa, mashine inasema haioni kitu fulani."

"Kitu gani? Nisomee herufi moja moja."

Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Akaamua kunisomea kwa majina ya miji yetu, kama wanavyofanya watu wa redio: "Fataki. Linga. Aru. Songolo. Komanda."

Flask. Hiyo ni maktaba ya Python inayoiwezesha programu ya mwanetu kufunguka kwenye simu. Nikamwambia aende kwenye folda ya programu, afungue lib, anisomee kilichomo. Kimya. Kisha sauti yake ikapanda.

"Papa, flask iko hapa! Vitu vyote viko hapa! Kwa nini inasema haioni?"

"Folda uliyomo inaitwaje?"

"Python 3.11."

"Na mashine inatafuta kwenye folda gani?"

Akarudi kwenye mistari ya kosa, akaisoma polepole. 3.13.

Ningependa msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu mambo yote tuliyobishania barazani yako ndani ya tarakimu hizo. Hakuna faili lililopotea. Hakuna aliyefanya kosa kule wanakotengeneza Python, 3.13 ni bora kuliko 3.11. Hakuna aliyefanya kosa Debian. Walitoa toleo jipya siku waliyoitangaza, na mwongozo wao wa kuhama unawaambia watu wasome kwanza. Ila programu ya mwanetu ilijengwa ikitegemea kwamba ghorofa ya chini yake ni 3.11, maktaba zake zikawekwa kwenye folda yenye namba hiyo, na siku ghorofa ya chini ilipobadilishwa, ya juu ikabaki inaning'inia. Seva ni lundo la mambo yaliyojengwa juu ya mengine, mengi yake yakiwa ya mikono ya nyumbani ambayo hakuna mtengenezaji wa distro anayeyajua. Toleo lililotulia linaahidi kwamba, kwa miaka iliyotajwa, hakuna atakayeigusa ghorofa ya chini bila wewe kuamua.

Sauti ya mke wangu ikaingia kwenye simu. "Hesabu za akina mama ziko wapi?"

Hesabu zilikuwa salama. Zimo kwenye faili moja la SQLite, na faili hilo halijali Python ni ya ngapi. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe kila Jumapili ananakili faili hilo kwenye flashi, na flashi anaifunga kwenye pindo la kitenge anachokihifadhi kwenye sanduku lake mwenyewe. Alikwenda kuitazama kabla hata sijamaliza kueleza. Kilichohitajika ni kuijenga upya ile folda ya maktaba juu ya Python mpya, kazi ya dakika chache na mega chache. Mega hazikuwepo. Tukapanga: binti ataweka mega za usiku, zile za bei nafuu, kesho waifanye yeye na binamu yake, na mimi nitawaongoza kwa simu.

Usiku huo binti alinunua mega. Kwa kuwa zilikuwa nyingi kuliko zilizohitajika, akaona aisasishe kwanza laptopu yake, iliyokuwa imesubiri siku kadhaa. Laptopu haiko kwenye sola, iko kwenye umeme wa mji. Umeme ukaondoka. Betri iliyochoka ikapigana dakika chache, ikazimika, na ilizimika wakati kiini kipya kinaandikwa.

Asubuhi skrini ilikuwa nyeusi, ina mstari mmoja: faili la kiini halikuonekana. Kazi ya masomo ilikuwa humo ndani, na Ijumaa ndiyo siku ya kuikabidhi.

Hapa pana jambo ambalo kwa mji wenye umeme wa kukatika ningeliuliza kabla ya mengine yote. Debian na Ubuntu zinapoleta kiini kipya haziondoi cha zamani. Zinakiweka kipya pembeni, na mashine ikiwaka unaweza kuchagua kile cha jana kwenye orodha. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, mara nyingi kiini cha jana kipo mahali pake na kinawaka. Distro aliyokuwa nayo binti, kwa mpangilio wake wa kawaida, inakifuta cha zamani na kukiweka kipya mahali pake. Haikukosea, imetengenezwa kwa watu ambao umeme wao haukatiki, au ambao betri zao zinashika, na wanaopenda kujua kila kinachobadilika ndani ya mashine. Kwa watu hao ni mfumo mzuri sana. Nyakasanza, saa saba za usiku, nani wa kusimama karibu nayo?

Mpwa ndiye aliyeiokoa. Alitengeneza flashi ya kuwashia kutoka kwenye kompyuta yake, akaiwasha laptopu kwa flashi hiyo, akaifungua diski, akaingia ndani ya mfumo uliolala. Pakiti zote zilikuwa zimeshashushwa usiku, ziko kwenye ghala la diski, kwa hiyo hakuhitaji mega hata moja. Akakirudisha kiini, akajenga upya mafaili ya kuwashia. Binti alikaa naye sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana, hakula. Laptopu ilipowaka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinakili kazi yake mahali patatu: kwenye flashi, kwenye seva ya ukumbini na kwenye simu ya mama yake. Baadaye jioni, wote wawili, nami nikiwa kwenye simu Aru, wakaijenga ile folda ya Python. Programu ya hesabu ikafunguka. Mke wangu akalinganisha jumla ya mikopo na ile iliyokuwa kwenye flashi ya Jumapili iliyotangulia, mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Zilikuwa sawa.

Niliporudi, swali lilikuwa kama tuirudishe seva kwenye Debian 12. Debian haina njia rasmi ya kushuka kutoka toleo jipya kwenda la zamani. Ukitaka kurudi unaanza upya. Kuanza upya kwa hofu, siku chache kabla ya mgao, kungekuwa hatari kuliko kubaki. Na 13 ina tarehe yake kama mwenzake: matunzo kamili hadi 2028, ya muda mrefu hadi 2030. Tukabaki. Nilifungua lile faili, nikafuta stable, nikaandika trixie, na kijana nikamketisha pembeni yangu aandike yeye herufi ya mwisho. Seva ya watu ihame toleo siku wenyewe waliyoikusudia, wakiwa na nakala mkononi, mega za kutosha na wiki mbili tupu mbele yao.

Laptopu nayo ilipata jibu lake, na jibu lilikuwa limefika bila kuitwa. Kiini 6.12 cha Debian 13 kinaijua kadi ile ya waifai. Binti alipokwisha kukabidhi kazi yake, akaamua mwenyewe kuweka mfumo ule ule wa ukumbini, programu ndogo za kuendeshea kadi (firmware) zikiwemo ndani ya kiwekeo, jambo ambalo Debian ililiruhusu kuanzia toleo la 12. Siku akipata kifaa ambacho kiini hiki hakikijui, kuna hazina ya Debian inayoleta kiini kipya zaidi juu ya msingi uliotulia. Atakichukua hicho peke yake, mengine yabaki. Binamu yake hakukubaliana naye. Anasema mtu wa umri wao anapaswa kuishi na mambo mapya ili ayajue. Kwa kompyuta yake mwenyewe, yenye betri nzima, ana haki.

Mgao ukafanyika uani kwetu. Wenye funguo walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akafungua kufuli yake, vijitabu vikatolewa. Mihuri ikahesabiwa kwa sauti, kila mwanamke akiitikia yake, na mke wangu akiwa na simu mkononi anasoma mkopo, riba, faini. Mama mmoja muuza samaki alisema faini yake si yake, siku ile alikuwa mgonjwa. Programu ikaonyesha tarehe, kikundi kikakumbuka, faini ikafutwa mbele ya wote. Mwingine, aliyekuja kutoka Djugu akiwa na watoto wanne, alizihesabu franga zake, akazihesabu tena, akazigawa papo hapo kwa shule. Ilipofika saa kumi sanduku lilikuwa tupu na hakuna aliyebaki na swali.

Kijana alikuwa ameshaondoka. Wiki iliyofuata alipiga simu kutoka Kampala: Debian 13.1 imetoka, tarehe 6 Septemba, tuisasishe. Binti akamwambia ameshaifanya asubuhi, pakiti ni chache, na alisoma tangazo kwanza. Mama yake akamwomba simu. Akamshukuru mtoto wa kaka yake kwa laptopu, akamwuliza habari za masomo, kisha akampa maagizo: Noeli aje, alete betri mpya ya laptopu kutoka Kampala, yeye tantine atalipa, na kama mashine ya ukumbini inahitaji kubadilishwa chochote kikubwa, itangojea mwezi wa kumi, baada ya kikundi kuanza mzunguko mpya na sanduku likiwa bado jepesi.